Kifusi Bwawani

Siku mtaa wetu ulipoamua kulifukia bwawa, hakuna hata mmoja kati ya walionyoosha mikono aliyekuwa amelitazama. Nasema kulitazama, si kulipita. Kulipita kila mtu alilipita, akienda dukani au akirudi kazini, huku ameziba pua kwa mazoea tu maana halikuwa linanuka. Aliyekuwa akilitazama ni dada yangu peke yake, na yeye hakuna aliyemuuliza.

Lenyewe si kubwa. Ukirusha jiwe kwa nguvu linafika ng'ambo. Zamani lilikuwa shimo la wafyatua matofali. Walichimba udongo mpaka wakauchoka, wakahamia kwingine, mvua ikafanya iliyobaki. Mwanzoni yalikuwa maji mekundu ya tope, hayana maana yoyote. Kisha yakaota matete ambayo hakuna aliyeyapanda, yakaja majani mapana yanayoelea, konokono, vyura, kereng'ende wa rangi ya shaba, na ndege mmoja mwembamba mwenye miguu kama waya wa kufungia nondo, ambaye kila asubuhi husimama pembeni kama mtu anayengoja ofisi ifunguliwe. Mwisho akaja dada yangu na bata wake.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Shule niliiacha mapema nikaanza kubeba karai, mpaka nikawa fundi mwashi. Yeye akashika mifugo. Mayai ya bata wake yanakwenda kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, na hayo mayai ndiyo yanayomweka mjini. Bata wenyewe hawana makuu. Asubuhi anawafungulia, wanateremka kwa mstari wakisemezana, na hadi jioni bwawa limewalisha. Liondoe bwawa, itabidi awanunulie chakula, na hapo hakuna tena ufugaji. Kuna kulisha wageni tu.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa kando ya bwawa hilo, na fundi wake nilikuwa mimi. Alibomoa nyumba ya zamani, kifusi akakirundika mbele ya geti, ndani ya kiwanja tukaanza kupandisha. Msingi niliweka mimi, nguzo mimi, na slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza, tuliimwaga mimi na vijana wangu kutwa nzima bila kuketi. Najisifu kwa slabu hiyo na sioni aibu. Zege likishamwagwa halitakiwi kukauka haraka, litapasuka. Kwa hiyo nilizungusha tuta la udongo ukingoni mwa slabu, nikajaza maji ndani yake, na nikamwagiza mlinzi aongeze kila asubuhi yale yaliyonywewa na jua. Mlinzi huyo ni mtu mzima, shemeji yake Mwenyekiti, ambaye mtaa mzima unamwita Sawasawa kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo.

Tulipofungua mbao za chini ya slabu, kazi ikasimama. "Pumzika kidogo, Fundi," Mwenyekiti akaniambia, "nondo za juu hazijaja." Nikabeba pima maji yangu na mwiko, nikaenda kujenga vyoo vya shule upande mwingine wa mji. Nikawa napita mtaani kwetu asubuhi na jioni tu.

Ndipo homa ilipoanza. Mtoto wa kwanza kuugua alikuwa wa fundi cherehani, anayekaa mkabala na nyumba ya Mwenyekiti. Malaria. Ikafuata nyumba ya jirani yake, kisha ya jirani wa jirani. Mtoto wa fundi cherehani alizidiwa, akalazwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano.

Tulikutania chini ya ile slabu yangu, kwa sababu ndipo penye kivuli kikubwa kuliko pote mtaani. Viti vya plastiki vilipangwa kati ya nguzo. Jua lilikuwa linashuka na watu walikuwa wanajipiga makofi miguuni na shingoni.

"Ndugu zangu," Mwenyekiti akasema, "mnaumwa mbu hapa nilipowakalisha, au naota? Adui tunamjua. Yule pale." Akalinyooshea kidole bwawa, ambako bata wa dada walikuwa wanachapa maji bila habari. "Maji yamesimama, majani yameoza, uchafu mtupu. Dawa yake ni moja. Tulifukie."

"Kwa udongo gani?" nikauliza.

"Kifusi nitatoa mimi. Najitolea, na lori nitaleta mwenyewe."

Watu wakampigia makofi. Kifusi kilichoziba geti lake na kugombanisha nusu ya mtaa sasa kimekuwa msaada. Damu ilinipanda.

"Mwenyekiti, wewe sema tu kwamba umekosa pa kukitupa."

"Fundi, kaa."

"Sikai. Na pakishafukiwa patakuwa pa nani?"

"Mtaa utaamua."

"Mtaa wenyewe si ndio wewe?"

"Jamani, huyu ana zamu yake ya kuzungumza au zamu zote ni zake?" Mwenyekiti akawauliza watu, wakacheka.

Dada akasimama. Hana sauti kubwa, na alikuwa bado na matope kwenye vifundo vya miguu. "Mimi nakaa pale kutwa nzima," akasema. "Sijaugua. Mbu wakitaga pale, watoto wao wanaliwa. Nawaona."

"Wanaliwa na nani, Mama Bata?" mmoja akauliza kwa dhihaka.

"Na kila aliyemo humo."

Wakacheka tena. "Mama Bata, ngozi yako hiyo mbu wakiiona wanapiga kona," mwingine akasema, na hata wanawake wanaonunua mayai kwake wakaziba vinywa kwa khanga. Nilitaka kurusha kiti. Nilimwambia yule mpuuzi kwamba asubuhi hiyo alikula mkate wenye yai la bata wa dada yangu, arudishe kwanza ndipo acheke. Nilikuwa bado naendelea pale fundi cherehani aliponyanyuka.

Yeye hakupiga kelele. Alikuwa na futi ya kushonea shingoni, kaisahau hapo tangu alipokimbilia hospitali. "Fundi," akasema, "mwanangu ametundikiwa maji. Jana hakunitambua. Wewe unanizungumzia bata?"

Nikakaa. Nilijua anakosea, au nilidhani najua, lakini sikuwa na neno la kumwekea mbele mtu wa namna ile. Akanyoosha mkono, wa kwanza. Ikafuata mikono mingine yote. Mwenyekiti akatangaza kwamba lori litaanza Jumamosi, na watu wakaondoka wakijikuna.

Dada hakulia. Alikwenda kuwaita bata wake waingie bandani, akiwahesabia majina yao ya matusi kama kawaida yake: wewe mnene, wewe mwizi, wewe mvivu. Kisha akaniambia, "Usigombane na yule mwenye mtoto. Wengine gombana nao."

Kesho yake niliacha vyoo vya watu nikaenda ofisi ya afya. Nilimkuta binti mmoja mezani, kijana kabisa, mbele yake kuna rundo la vyandarua. Nilimweleza kwa sauti ambayo sasa naona ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. Akanisikiliza huku anafunga vyandarua kwa kamba.

"Mzee wangu," akasema nilipopumua, "unanigombeza mimi kwani mimi ndiye mbu?"

"Nataka mtu aje alipime lile bwawa kabla hawajalifukia."

"Nitakuja. Lakini nisikilize. Nikikuta ni lenyewe, nitasema ni lenyewe. Bata au siyo bata."

"Njoo tu."

"Nimesikia wewe ni fundi. Ngazi unazo?"

"Za nini?"

"Watu wanaweka matanki juu. Napenda kuangalia juu."

Nikamwambia ngazi ninazo. Sikulifikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi lori lilimtangulia. Nilipofika, tipa lilikuwa limekwisha kumwaga mzigo wa kwanza upande wa matete, pale pale bata wanapoteremkia. Matete yalikuwa yamelala chini ya vipande vya tofali na plasta, na maji ya upande huo yamekuwa meupe kama uji wa chokaa. Chura mmoja alikuwa anapanda juu ya kipande cha dirisha bovu, anateleza, anapanda tena. Vijana walikuwa getini kwa Mwenyekiti wanapakia mzigo wa pili kwa mabeleshi, na dada yangu amesimama ndani ya maji hadi magotini, mahali mzigo huo ulipotakiwa kumwagwa. Bata walikuwa nyuma yake wamekusanyika kwenye kona ya mbali wote kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa bata.

Lori likaja kinyumenyume. Dereva akatoa kichwa. "Mama, toka hapo. Mimi nimetumwa tu."

"Basi waambie waliokutuma kwamba umenikuta," dada akajibu.

Mwenyekiti akafika, shati limepigwa pasi kama anakwenda harusini. "Fundi, mtoe dada yako kwa heshima kabla sijamtoa kwa utaratibu."

"Mtoe wewe," nikasema. "Vua viatu, ingia mtoe." Hakuvua.

Tukiwa kwenye hilo yule binti wa afya akatokea, kavaa viatu vya mpira, mkononi ana upawa mweupe wenye mpini mrefu na bakuli la bati. Hakumsalimia Mwenyekiti kwa cheo chake, alisema "hamjambo" kwa wote, akaingia majini. Alichota ukingoni kwenye majani, akachota katikati ya matete yaliyobaki, akachota kwenye kivuli. Kila mara akimimina kwenye bakuli na kuinama. Watu walisogea, maana hakuna anayeweza kuona mwenzake anachungulia bakuli akakaa mbali.

Ndani ya bakuli kulikuwa na fujo. Watoto wa chura weusi wenye mikia. Wadudu wanaoogelea chali huku wamepanua miguu kama makasia. Konokono wadogo kama punje ya mtama, na vitu vidogo zaidi, kama vumbi linaloruka. Na mdudu mmoja wa kahawia, mbaya wa sura, katulia chini kama hana habari na mtu.

"Huyu ni mtoto wa kereng'ende," yule binti akasema. "Akiwa humu hana mabawa, ana taya." Kulikuwa na kiluwiluwi kimoja cha mbu kinajipindapinda juu ya maji. Kikapita karibu na yule mdudu. Taya lilichomoka mbele kama mkono, likarudi, na kiluwiluwi hakipo. Fundi cherehani, aliyekuwa ametoka hospitali kubadilisha nguo, aliona. Nilimtazama ili nijue kama ameona.

"Kwa hiyo wamo," Mwenyekiti akasema haraka. "Mbu wamo. Mmeona."

"Alikuwemo mmoja," binti akajibu. "Hili bwawa ni la siku nyingi, lina wenyewe. Mbu akitaga hapa anawapikia wengine. Mbu wa malaria anapenda maji mapya, ya kina kifupi, yanayopigwa na jua, ambayo bado hayajapata mwenyewe. Mnayo wapi maji ya namna hiyo?"

Nilijibu kabla ya wote. Kwa furaha kabisa nikasema, "Anza kwa Mwenyekiti." Nilimwingiza kiwanjani kwa Mwenyekiti kama mwenye nyumba. Tukafunua mapipa: yana vifuniko. Tukageuza ndoo na makopo ya rangi: makavu. Tairi la zamani lilikuwa limetobolewa lisishike maji. Mwenyekiti alikuwa nyuma yetu anatabasamu, na watu nyuma yake. Hasira zangu zikaanza kukosa mahali pa kukaa.

Hapo ndipo Sawasawa alipokatiza mbele yetu na ndoo ya maji kichwani, akielekea kwenye ngazi za zege.

"Unapeleka wapi hayo?" binti akamuuliza.

"Juu. Kumwagilia."

Zege lilikuwa limekomaa zamani. Nilikuwa nimejenga karibu vyoo vya shule nzima tangu siku ile, na mtu huyu alikuwa bado analinywesha maji.

Tulipanda. Kulikuwa kweupe juu, na slabu yangu ilikuwa imefunikwa na maji ya kina cha kiganja, masafi, ya uvuguvugu, yenye utelezi wa kijani kidogo chini. Hakuna jani wala mdudu wa kuogelea chali, hakuna konokono. Palikuwa na kitu kimoja tu, na kilijaa. Kivuli chetu kilipoangukia maji, uso wote ulitikisika, viluwiluwi wakazama pamoja, kisha wakaanza kupanda tena mmoja mmoja kuvuta hewa. Binti alichota mara moja. Hakuhitaji ya pili.

"Nani alisema maji haya yakae hapa?"

"Fundi," Sawasawa akasema. Akanigeukia bila chuki yoyote. "Uliniambia kila asubuhi. Nikasema sawasawa."

"Nilikuambia mpaka likomae."

"Hukuniambia likikomaa linakuwaje. Na hukuniambia niache."

Kwa nini mtu mzima aliyeona kazi imesimama na fundi ameondoka aendelee kubeba ndoo kila siku kupanda ngazi? Kwa nini Mwenyekiti, ambaye nyumba ni yake, hakupanda hata mara moja kutazama mali yake? Nilikuwa na hayo yote ulimini, na yote ni kweli. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameniwahi. Aliegemea ukingoni akawaita waliobaki chini, "Njooni muone. Kumbe mbu ni wa Fundi."

"Nyumba ni yako," nikasema.

"Maji ni yako."

"Wewe ndiye uliyesimamisha kazi."

"Na wewe ndiye fundi. Au leo siyo?"

Fundi cherehani alikuwa amepanda pia. Alikuwa amesimama juu ya ngazi, futi bado shingoni, anatazama maji, halafu ananitazama mimi. Mlango wa nyumba yake ulionekana kutoka pale tulipo. Mbu hakuhitaji hata kupiga bawa sana. Ningeweza kuendelea kubishana na Mwenyekiti mpaka jioni, na watu wangegawana pande, na lori lingeendelea kumwaga.

"Ni maji yangu," nikamwambia fundi cherehani. "Niliyaweka mimi nikaondoka. Sikurudi kuangalia."

Akageuka kuutazama mlango wake.

Binti wa afya aliuliza chini ya ukingo kuna nini. Nikasema mchanga mkavu. Akasema vizuri, wakianguka kwenye mchanga wamekufa. Nikachukua beleshi nikalipasua tuta. Maji yalitoka kwa kishindo, yakamwagikia chini, kando ya pale tulipofanyia mkutano, juu ya viti vya plastiki ambavyo hakuna aliyevirudisha, na mchanga ukayanywa yote. Yaliyobaki niliyasukuma kwa ufagio hadi tone la mwisho. Zege chini yake halikuwa na ufa hata mmoja. Nilitamani liwe limepasuka.

Mwenyekiti alisubiri nimalize. Kisha akajifuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu, akapaza sauti kutoka kule juu, "Haya, tatizo hilo tumelitatua. Dereva, endelea."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Endelea na nini?"

"Mtaa umepiga kura, Fundi. Kura haifutwi na bakuli la wadudu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mbu alikuwa kisingizio tangu mwanzo, na sasa kisingizio kimekufa kwenye mchanga lakini kifusi kinataka kwenda pale pale. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alisimama anayapokea kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

Fundi cherehani ndiye aliyeshuka. Alitembea hadi kwenye lori, akagonga mlango kwa kidole kama anabisha hodi. "Kijana," akamwambia dereva, "mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wangu. Nimeushusha. Rudisha mzigo ulikoutoa."

"Mzee, mimi nimetumwa."

"Na mimi nakutuma. Nina mtoto hospitalini na sijalala. Usinifanye nikutume mara ya pili."

Wanawake wa mayai wakasogea wakasimama nyuma yake. Yule aliyecheka kuhusu ngozi ya dada naye akasogea, nikamwona, akaangalia chini. Dereva alimtazama Mwenyekiti, akawatazama wao, akawasha gari. Mzigo wa pili ulirudi ulikotoka, ukamwagwa mbele ya geti, juu zaidi ya ulivyokuwa mwanzo.

Mwenyekiti alinifukuza kazi hapo hapo, mbele ya watu. Ghorofa ya pili atajenga mwingine. Mtoto wa fundi cherehani alirudi nyumbani wiki iliyofuata, amekonda, anaomba maji kila saa. Baba yake hanisalimii kama zamani. Anasema "Fundi" tu, anapita. Sitamlaumu kwa hilo, na wala simwombi anisalimie.

Mzigo ule wa kwanza ulibaki bwawani, na mimi ndiye ninayeuzoa. Kila nikitoka kwenye vyoo vya shule naingia majini na beleshi, najaza toroli, nakwenda kumwaga getini kwa Mwenyekiti. Alinitokea mara moja akauliza nafanya nini. Nikamwambia namrudishia mali yake, kama ana kura nyingine alete.

Sawasawa alikuja siku ya pili na toroli lake, bila kuitwa. Anazoa vizuri, hachoki, hasemi. Jana tu ndipo alipotua mishikio akaniuliza, "Fundi, hii nayo niache lini?"

Nilikuwa nataka kumjibu vibaya. Dada akanitazama kutoka ng'ambo, alikokuwa anawapitisha bata kwenye njia mpya, kwa kuwa ile ya zamani bado ina vipande vya vioo.

"Twende nikuonyeshe," nikamwambia Sawasawa. Nikamshika mkono nikamwingiza majini mpaka pale kifusi kinapoishia, nikamkanyagisha kwa mguu mtupu penye tope laini. "Ukisikia hivi kila mahali, basi."

"Sawasawa," akasema, na akainama kuchukua beleshi.